Zana za Maarifa ya Jamii mtandaoni: nilizozipima darasani

Mwalimu wa Maarifa ya Jamii akiingia mtandaoni kutafuta zana za kufundishia, kitu cha kwanza anachokutana nacho ni nukuu, yaani muhtasari wa somo ulioandikwa tayari. Ziko za kila darasa, zimepangwa kwa mada, nyingine zinauzwa pamoja na maandalio ya somo na maazimio ya kazi, na nyingi zinafanana neno kwa neno kwa sababu zimenakiliwa kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Ninafundisha katika shule ya msingi ya serikali mkoani Lindi, na kwa miaka kadhaa nami nilikuwa nikizipakua. Zana ninazozitathmini hapa nimezitumia mwenyewe darasani, na nimezipima kwa swali moja: je, zinampa mtoto kitu cha kutazama, kuhesabu au kupima mwenyewe, ambacho kitabu cha kiada hakiwezi kumpa?

Kilichonifikisha kwenye swali hilo ni somo la Vita vya Majimaji. Nilikuwa nimenunua nukuu kwa simu, kwa bei ndogo tu, kutoka kwa muuzaji ambaye hakuandika jina lake wala mwaka wala chanzo cha maelezo yake, nami nikaandika ubaoni kama zilivyosema, kwamba vita hivyo vilianzia Songea. Binti mmoja, ambaye ukoo wao ni wa Umatumbi, akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, babu anasema pamba iling'olewa kwetu, Nandete." Alikuwa sahihi kabisa. Pamba iling'olewa Nandete, katika milima ya Umatumbi, mwezi Julai 1905, na hapo ndipo vita vilipoanzia; Kinjeketile Ngwale, aliyekuwa akigawa maji ya dawa pale Ngarambe, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, vita vikiwa bado havijafika Ungoni, upande wa Songea. Aliyeandika nukuu zile huenda alichanganywa na umaarufu wa makumbusho ya Majimaji yaliyoko Songea, na habari za Songea Mbano, nduna (jemadari) wa Wangoni aliyenyongwa huko mwaka 1906. Lakini mimi nafundisha watoto ambao Nandete na Mohoro kwao ni majina ya vijiji vya shangazi na wajomba, na niliwaandikia kosa juu ya babu zao wenyewe. Nilifuta ubao mbele yao nikaanza upya. Tangu siku hiyo, zana isiyoonyesha nani kaiandaa na kaitoa wapi siipakui, hata ikiwa ya bure.

Pa kuanzia ni Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Humo vitabu vya kiada vinasomwa bila malipo, na kwa mwalimu ambaye shuleni kwake kitabu kimoja kinagombaniwa na watoto wengi, hilo peke yake ni msaada mkubwa. Faida yake ya pili ni kwamba inakwenda na mtaala. Utekelezaji wa mtaala ulioboreshwa ulipoanza Januari 2024, pamoja na masomo ya Jiografia na Mazingira na Historia ya Tanzania na Maadili, tuliokuwa tumezoea mgawanyo wa zamani wa mada tulihitaji mahali pa uhakika pa kuangalia kipi kimehamia wapi. Hata hivyo kitabu kilichowekwa kwenye skrini kinabaki kuwa kitabu. Picha yake ya Kilwa ni ile ile ndogo, na ramani yake haiwezi kukuzwa mtoto akaona zaidi ya alichokiona mchapaji. Kwa hiyo ninaitumia kupata uhakika wa mada na lugha ya kufundishia, kisha nakwenda kwingine kutafuta ushahidi.

Niseme pia jinsi ninavyozifikia zana hizi, maana tathmini isiyotaja mazingira ya mwalimu haimsaidii mwalimu. Natumia kishikwambi, kimoja kati ya vile vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 na baadaye kugawiwa kwa walimu. Darasani hakuna projekta wala intaneti. Napakua jioni, mahali mtandao unaposhika vizuri, kisha nafanya moja ya mambo mawili: ama nachapisha ukurasa mmoja au miwili steshenari, ama nanakili kwa mkono kwenye karatasi ya manila. Zana inayolazimu kila mtoto awe na kompyuta na intaneti ya kasi nimeiacha pembeni, hata kama imetengenezwa kwa ustadi.

Zana iliyonipa somo bora kuliko zote ni ile ambayo wengi wataiona kavu: majedwali ya sensa yanayotolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Mafaili yake si mazito kama picha na video, na takwimu zinashuka kutoka taifa hadi mkoa, wilaya na kata, kiasi kwamba mtoto anaweza kuona kata yake imeandikwa na idadi ya watu wake wanaume na wanawake. Mimi nilichukua safu moja tu, idadi ya watu wa Tanzania katika kila sensa tangu Uhuru: takribani milioni 12.3 mwaka 1967, milioni 17.5 mwaka 1978, milioni 23.1 mwaka 1988, milioni 34.4 mwaka 2002, milioni 44.9 mwaka 2012, na watu 61,741,120 mwaka 2022. Nikawaambia watoto walete vizibo vya soda, kila kizibo kihesabiwe kuwa watu milioni moja, na kila sensa iwe na mstari wake sakafuni. Vilihitajika vizibo karibu mia mbili, na vikapatikana kwa siku tatu.

Mistari ilipokamilika, ule wa mwisho ulivuka madawati ukafika karibu na mlango, na darasa likanyamaza kuutazama. Ndipo mvulana mmoja aliyekuwa amechuchumaa akihesabu akasema kwamba kutoka 1988 hadi 2002 vimeongezeka vizibo 11, na kutoka 2002 hadi 2012 vimeongezeka 11 pia, kwa hiyo watu waliongezeka sawasawa. Mwenzake akambishia: kipindi cha kwanza ni cha miaka 14 na cha pili ni cha miaka 10, basi sawasawa iko wapi? Wakabishana hadi wakaamua kuipanga upya mistari yote, wakiacha nafasi kati yake kulingana na miaka. Sikuwa nimelipanga jambo hilo kwenye andalio la somo. Nimefundisha grafu kwa miaka mingi kwa kuchora ubaoni, na sikuwahi kuona mtoto akigundua mwenyewe kwamba umbali kati ya miaka una maana. Siku iliyofuata tulichukua takwimu za mkoa wetu, watu 864,652 mwaka 2012 na 1,194,028 mwaka 2022, na swali la kwa nini Lindi imeongezeka namna hiyo likawapeleka majumbani kuwauliza wazazi nani amehamia, kutoka wapi, na amefuata nini. Majibu waliyorudi nayo, ya ufuta, korosho na malisho ya mifugo, ndiyo yaliyokuwa somo la uchumi la wiki nzima.

Kwa upande wa historia, zana ninayoipendekeza kwa moyo wote ni Zamani Project, kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town waliopima kwa mionzi ya leza magofu na majengo ya kale katika nchi nyingi za Afrika, yakiwamo magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambayo UNESCO iliyaorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mtu anaweza kuuzungusha Msikiti Mkuu wa Kilwa kwenye skrini, akautazama kutoka juu, akaingia ndani na kupita kati ya nguzo na matao, kisha akaangalia michoro ya vipimo vyake. Wanafunzi wangu wanaishi mkoa uleule yalipo magofu hayo na wengi wao hawajawahi kuvuka kwenda kisiwani, kwa kuwa nauli ya basi na ya mashua kwa darasa zima haipatikani. Kwao Kilwa ilikuwa jina la kukariri, pamoja na sentensi ile ya vitabuni kwamba ulikuwa mji wa biashara ya dhahabu.

Nilichapisha mchoro wa sakafu ya msikiti na kuugawa kwa vikundi, bila maelezo yoyote, nikiwataka waseme jengo hili limejengwa mara moja au zaidi ya mara moja. Vikundi vyote viliona kwamba kuna ukumbi mdogo upande wa kaskazini na ukumbi mkubwa zaidi ulioungwa kusini yake. Kikundi kimoja kikasema waliounga walikuwa wameshakuwa wengi na hawaenei. Nikawaongezea picha ya Husuni Kubwa, jumba lililojengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, lenye birika la pembe nane lililochimbwa juu ya mwamba ufukweni, na nikawaambia kwamba msafiri Ibn Battuta wa Moroko alifika Kilwa wakati wa sultani huyo, mwaka 1331. Fedha za kujenga vitu hivyo zilitoka wapi? Hapo ndipo dhahabu ya Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji ya leo, ilipoingia darasani, ikiwa jibu la swali walilokuwa nalo tayari.

Kasoro za zana hii ni mbili, na mwalimu azijue mapema. Picha za pande tatu ni nzito mno, hukwama kwenye simu ya kawaida na humaliza bando upesi, kwa hiyo ni bora kupakua michoro na picha tulivu tu, au kupiga picha ya skrini pale mtandao unapokuwa mzuri. Na maelezo yote ni ya Kiingereza. Inaniuma kuona majengo ya Waswahili yameelezwa kwa lugha isiyo ya watoto wanaokaa jirani nayo, na kila mwalimu analazimika kufasiri peke yake usiku kazi ambayo mwenzake wa shule ya pili ameshaifasiri.

Ramani ndiyo mada ambayo watoto huichoka haraka kuliko zote, nami nadhani ni kwa sababu tunaanza na jina, ufunguo, dira, skeli na fremu kabla hawajawahi kuihitaji ramani. OpenStreetMap imenisaidia kugeuza mpangilio huo. Ni ramani ya dunia nzima inayochorwa na watu wa kujitolea tangu mwaka 2004, na yeyote anaruhusiwa kuichapisha na kuirekebisha bila kulipa, mradi awataje waliochangia. Hapa kwetu ilipata nguvu kupitia Ramani Huria, mradi ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa walipima njia, mifereji na nyumba za maeneo yanayokumbwa na mafuriko.

Nilipofungua eneo letu nikakuta barabara kuu, mto, na nafasi nyeupe. Shule haikuwamo, zahanati haikuwamo, kijiji kizima kilikuwa jina moja lililoelea katikati ya weupe. Nilichapisha nafasi hiyo nyeupe kama ilivyo nikawagawia watoto. Waliumia kidogo kuona hawapo, na maumivu hayo yakawafanya watembee saa nzima juani kwa hatua za kuhesabu, wakichora shule, zahanati, msikiti, visima vitatu, mashine ya kusaga na mkwaju ulioko njia panda. Walipogundua kwamba kila kikundi kimetumia alama yake kwa kisima, mtoto mmoja akapendekeza wakubaliane alama moja na kuiandika pembeni. Sikulazimika kufundisha ufunguo. Kazi yao, baada ya kuikagua, niliiingiza kwenye ramani yenyewe kwa kishikwambi, na walipoiona wiki iliyofuata walitaka kujua kama mtu aliye Ulaya naye anaiona. Tahadhari ni kwamba ramani inayorekebishwa na kila mtu huweza kuwa na makosa, hasa majina ya vitongoji, kwa hiyo ilinganishwe na wanachokijua wenyeji. Na majina ya wenye nyumba yasiandikwe kamwe, kwa sababu makazi ya mtu ni siri yake.

Google Earth inajulikana na wengi, nami sitaieleza kwa kirefu. Thamani yake kwangu ni picha za miaka iliyopita, zinazoruhusu kulinganisha mahali pamoja kwa nyakati tofauti. Barafu ya Kilimanjaro ni mfano unaotumiwa sana, na ni mfano mzuri, lakini kwa watoto wa kusini Kilimanjaro iko mbali. Mimi nawaonyesha Mto Rufiji, pale bwawa la umeme la Julius Nyerere lilipojengwa, ambalo lilianza kujazwa maji Desemba 2022 na mitambo yake ina uwezo wa megawati 2,115. Picha mbili zilizochapishwa, ya mto mwembamba uliobanwa na korongo na ya ziwa lililofunika bonde, zinatosha kwa vipindi viwili vya mada ya mazingira na nishati. Wale wenye ndugu huko Mohoro na Utete wana mengi ya kusema juu ya maji ya Rufiji, na maswali yao ni magumu kuliko yaliyomo katika kitabu chochote. Ukichapisha picha hizo, acha jina la mwenye picha lililoandikwa chini; ndiyo sharti la kuzitumia.

Kwa maandalizi ya mwalimu mwenyewe, hakuna kilichonijenga kama historia ya Afrika ya UNESCO, mradi ulioanza mwaka 1964, ambao juzuu zake 8 za mwanzo zinapakuliwa bure. Juzuu ya 6 ina sura ya Isaria Kimambo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuhusu pwani na bara ya Afrika Mashariki kati ya 1845 na 1880, na hapo ndipo nilipoelewa vizuri jinsi misafara, pembe za ndovu, mashamba ya karafuu ya Unguja na biashara ya watumwa vilivyoshikana. Si kitabu cha kumpa mtoto. Ni Kiingereza cha chuo kikuu, faili lake ni kubwa, na sura moja hunichukua jioni mbili. Lakini mwalimu aliyeisoma sura hiyo haingii darasani na nukuu za kununua.

Umuhimu wake unaonekana zaidi ukiilinganisha na SlaveVoyages, hazina ya takwimu ambayo walimu wengi wa nje huipendekeza kwa mada ya utumwa. Imekusanya safari zaidi ya 36,000 za meli zilizobeba watumwa, na kwa makadirio yake watu milioni 12.5 hivi walipakiwa melini Afrika na takribani milioni 10.7 wakafika ng'ambo wakiwa hai. Kumwonyesha mtoto tofauti ya namba hizo mbili, kisha kunyamaza kidogo, ni somo zito. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo ni ya Bahari ya Atlantiki. Mkataba ambao Mfaransa Morice aliufunga na Sultani wa Kilwa mwaka 1776, wa kununua watu 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi, hauonekani katika hesabu hiyo, wala safari za majahazi kwenda Uarabuni na Ghuba. Mwalimu wa pwani akiitumia peke yake, atawafundisha watoto kwamba utumwa ulitokea upande mwingine wa bara. Mimi naitumia kwa kipindi kimoja tu, kisha narudi kwenye sura ya Kimambo.

Wikipedia ya Kiswahili nimeiweka kwenye kishikwambi kupitia Kiwix, programu inayoifungua bila intaneti. Makala zake nyingi ni fupi, nyingine ni sentensi mbili tu, ila kwa majina ya mito, mikoa na marais inatosha kumjibu mtoto papo hapo. Picha za zamani nazitafuta Wikimedia Commons, ambako kila picha imeandikiwa nani aliipiga na masharti ya kuitumia.

Ikiwa mwalimu ana bando la siku moja tu, ningemshauri aanze na jedwali la sensa la mkoa wake na lile la kata yake, ayapakue yote mawili na kuyahifadhi nje ya mtandao. Vizibo vyetu 194 viko kwenye mfuko wa sandarusi ofisini, na mwalimu wa darasa la sita ameshaviazima mara mbili.